Mguu wa Darlene

Wendell Gorski hakuwa mtu wa kumwonea mwenzake kijicho kwa ajili ya mali. Jirani akijenga gereji ya pili, yeye ndiye wa kwanza kumpelekea ngazi. Lakini kulikuwa na vitu viwili ambavyo ukivigusa umemgusa yeye: mke wake Darlene, na mguu wake wa kulia. Oktoba ile vyote viwili viliguswa pamoja, na mtu mzima wa miaka hamsini na mbili akageuka kichekesho.

Kazi yake ilikuwa kuendesha magari yasiyokwenda popote. Katika maabara ya kampuni pale Dearborn, gari jipya hupandishwa juu ya rola za chuma, hufungwa minyororo, huchomekewa bomba la kukusanya moshi, kisha dereva huketi ndani na kufuata mstari mwekundu unaopanda na kushuka kwenye skrini. Dereva akikanyaga mafuta kwa pupa, gari linakunywa zaidi, moshi unazidi, na kipimo chote kinatupwa. Vipimo vya Wendell havikuwa vikitupwa. Mguu wake ulitua kwenye pedali kwa adabu, kama wa mtu anayepita mbele ya altare, na kwa sababu hiyo wenzake walimwita Padri. Yeye alijifanya hapendi jina hilo.

Mtu mmoja tu aliwahi kumshinda, naye ni Roland Tessier. Walikuwa zamu moja enzi za ujana wao, na siku ya mashindano ya maabara Tessier aliendesha gari lile lile, mstari ule ule, akatumia mafuta kidogo kuliko Wendell. Kidogo sana, ungeweza kusema ni kijiko. Kijiko hicho Wendell hakukisahau. Hakusahau pia kwamba kabla hajamwoa Darlene, ni Tessier aliyekuwa akicheza naye dansi kila Jumamosi kwenye ukumbi wa chama cha wafanyakazi. Baadaye Tessier alihamia upande wa serikali, kwenye maabara yao ya Ann Arbor, akawa mkubwa. Wendell hakumtia machoni miaka na miaka, na alishukuru.

Darlene naye alikuwa ofisi ya viwango, kampuni ile ile ya mumewe, ghorofa ya juu. Alikuwa mwanamke mfupi, mcheshi, mwenye akili ya haraka na mguu mzito kuliko wote jimbo la Michigan. Aliendesha kama anawahi kuzima moto. Mara chache za mwanzo wa ndoa alipomwendesha mumewe, Wendell alimkosoa toka getini hadi sokoni: achia sasa, usikanyage hivyo, taa nyekundu ile huioni, unalisha gari au unaliua? Mwisho Darlene akamtupia funguo. Tangu siku hiyo, miaka ishirini na miwili, wakitoka pamoja usukani ulikuwa wa Wendell.

Mwaka ule serikali ilitaka kukaza viwango. Magari mapya yaende maili nyingi zaidi kwa galoni moja, na yatoe moshi kidogo zaidi. Mji mzima haukuwa na mazungumzo mengine. Kinyozi alikuwa na maoni, padri wa kweli alikuwa na maoni, na wala usimguse Mzee Bruno Maki wa nyumba ya mbele, aliyestaafu kiwandani akiwa na mgongo mbovu na ulimi mzima.

Ijumaa moja Darlene akaingia uani na gari dogo la Kijapani, la mafuta na betri. Kampuni hununua magari ya wapinzani na kuwapa wafanyakazi waende nayo nyumbani wayajue, hilo kila mtu analifahamu. Lakini mtaa ule ni wa watu wa kampuni, baba na babu, na gari la mpinzani mbele ya nyumba ni sawa na kuanika chupi barabarani. Wendell alitoka mbio na kandambili.

"Lipeleke nyuma ya gereji," alisema. "Haraka, kabla Bruno hajaliona."

"Nimeshaliona," Bruno alijibu kutoka barazani kwake. "Hongera, Wendell. Hiyo ni gari au mashine ya kukatia nyasi?"

"Ni la kazini, mzee."

"Ndiyo hivyo wanavyoanza, kidogo kidogo. Kesho utakuta mkeo anakula wali kwa vijiti."

Darlene alicheka hadi akaegemea mlango. "Wali naupenda, Mzee Bruno. Ukiwa na njaa karibu."

Lilikaa nyuma ya gereji wiki tatu. Darlene alikwenda nalo kazini na kurudi nalo, na Jumamosi mbili alitoka nalo bila kusema anakwenda wapi. Wendell akimuuliza, anajibiwa, "Naendesha tu, ni kazi." Hakuongeza neno, naye hakuwa mtu wa kuficha maneno. Hapo ndipo mdudu alipoingia.

Jumapili moja Wendell alitaka kukusanya majani yaliyoanguka, na gari lilikuwa katikati ya njia. Akaingia alisogeze. Alipowasha, dashibodi ikamwonyesha wastani wa safari: maili hamsini na nne kwa galoni.

Alikaa pale reki ikiwa nje na injini haiungurumi. Darlene huyu ambaye gari lake mwenyewe halijawahi kufika ishirini? Haiwezekani. Anayefikisha hamsini na nne si mtu anayeendesha, ni mtu anayebembeleza. Mguu huo ni wa mtu wa rola.

Kando ya namba kulikuwa na picha ya tawi lenye majani matano ya kijani. Hakuihangaikia. Aliinama akaangalia kiti cha abiria, akaona chembe za sukari ya donati. Donati za wapi, na za nani? Na kwa nini aliyekula alikaa upande huu? Ikiwa Darlene alikaa hapa akila donati, basi kwenye usukani alikaa nani?

Kiti cha dereva kilikuwa kimesogezwa mbele kabisa, mahali pa mtu mfupi, na yeye mwenyewe magoti yake yalikuwa yamekwama chini ya usukani. Mtu mwenye akili zake angeishia hapo, akatoka, akakusanya majani. Wendell akajibu upesi kichwani mwake: Tessier naye ni mfupi.

Wivu ni kazi ya kutwa, nao haulipi. Jumamosi iliyofuata, Darlene alipokwenda saluni kwa miguu, Wendell alichukua lile gari, akaanzisha kipimo kipya, akazunguka njia ile ile anayopita mkewe kwenda kazini na kurudi. Aliendesha kwa ustadi wake wote. Aliachia mafuta mapema, aliteleza kwenye miteremko, hakugusa breki ila pale ilipobidi. Aliporudi nyuma ya gereji akatazama. Hamsini na mbili.

Roho ilimuuma hadi akahisi uchungu mdomoni. Mwenye mguu ule si kwamba anatembea na mke wake tu. Anamshinda pia, kwa kijiko kile kile. Na mtu aliyewahi kumshinda Wendell Gorski duniani alikuwa mmoja.

Jioni ile wakila kabichi na soseji, simu ya Darlene ikalia. Akaipokea huku akitabasamu.

"Roland! Ndiyo. Ndiyo, nimekamilisha. Utashangaa mwenyewe ukisikia. Hapana, hajui lolote, tuliambiwa tusiseme nyumbani." Akacheka. "Haya, tutaonana Jumanne."

Wendell aliendelea kukata soseji ambayo ilikwisha kukatika.

"Tessier anataka nini?"

"Mambo ya kikao. Watu wa serikali wanakuja kusikiliza maoni, nimekwambia toka mwezi jana. Yeye atakuwa meza kuu."

"Na nyinyi mtawaambia nini? Kwamba viwango vyao ni vya ndotoni?"

"Si vya ndotoni, Wendell. Vinabana, lakini vinafikika."

"Vinafikika kwenye rola. Mimi ndiye ninayevifikisha. Mpe gari mtu wa barabarani, mwenye watoto wanaopigana kiti cha nyuma na kahawa mkononi, uone atafika wapi."

"Hapo ndipo unaponoga mjadala." Darlene alimwangalia kwa macho yenye furaha iliyojificha. "Je, mtu wa barabarani akifundishika?"

"Hafundishiki. Nimekufundisha wewe nikachoka."

Furaha ile ikapungua kidogo. "Jumanne nitasimama mimi kuzungumza," alisema. "Omba ruhusa uje unisikilize. Ningependa uwepo."

"Nitakuja," alisema Wendell, kwa sauti ya mtu anayealikwa mazikoni.

Jumanne hiyo Darlene aliondoka mapema na lile gari. Wendell alikwenda na Mzee Bruno kwenye pikapu yake, na njia nzima Bruno alihutubia vioo. Kikao kilikuwa kwenye ukumbi wa hoteli katikati ya Detroit. Yeyote alikaribishwa kusema, mradi ajiandikishe mlangoni, naye alipewa dakika tano. Mezani palikuwa na taa ndogo ya kijani, ya njano na nyekundu, na pembeni mwanamke wa mashine akichapa kila neno litokalo kwenye maiki. Lililochapwa liliingia kwenye kumbukumbu za serikali na halikufutika. Wendell alijiandikisha, jina lake likafuata baada ya la mke wake kwa watu wawili. Alikuwa bado hajui atasema nini. Alijua tu kwamba Tessier yuko pale mbele nyuma ya kitambaa cheupe cha meza, nywele zimekuwa mvi, uso umekonda, na bado alikuwa na sura nzuri, jambo lililomuudhi.

Watu walisema. Mama mmoja wa kusini mwa mji alieleza jinsi mwanawe anavyobanwa kifua siku za joto kwa sababu ya moshi. Muuza magari akasema wateja wake wanataka pikapu, na serikali haiwezi kumvuta ng'ombe wa mkulima kwa kigari cha betri. Mtu wa chama cha wafanyakazi akasema viwango vije, ila kazi zisiende. Taa ilimkatiza katikati ya sentensi, akaendelea, akakatizwa tena.

Kisha akaitwa Darlene Gorski. Alikuwa amevaa koti lake la bluu, lile la Pasaka.

"Kampuni yetu haiji kupinga," alisema. "Tunaomba jambo moja. Kile kipimo cha dashibodi kinachomwonyesha dereva anavyokula mafuta kihesabiwe ndani ya viwango, gari lililo nacho lipewe alama. Tumejaribu. Wafanyakazi kadhaa walipewa magari ya aina hii wiki tatu. Tulikatazwa kufundishwa na mtu, tulikatazwa hata kusimulia nyumbani, hasa sisi wenye dereva wa rola nyumbani." Hapo watu walicheka kidogo. "Mimi ndiye niliyeanza vibaya kuliko wote. Wiki ya kwanza nilipata thelathini. Juzi nimemaliza na hamsini na nne. Sikufundishwa na mtu. Kuna tawi pale kwenye kioo. Ukiendesha vizuri linaota jani. Ukikosea jani linaanguka, basi, hakuna kelele. Mume wangu ni dereva bora mjini hapa, na amejaribu kunifundisha kwa miaka ishirini na miwili nisifundishike. Tawi limenifundisha kwa wiki tatu, kwa sababu halikunigombeza."

Ukumbi uliangua kicheko, kile cha upendo, cha watu wenye ndoa. Wanawake walipiga makofi. Meza kuu nayo ilicheka, na Tessier alicheka kuliko wote, kichwa nyuma, kama enzi zile za dansi.

Wendell aliona kicheko kimoja tu.

Niseme wazi kwamba alikuwa na nafasi. Ukweli alikwisha usikia kwa masikio yake, mkewe alimtafuta kwa macho katika viti akiwa anarudi kuketi, na watu wawili walizungumza kabla jina lake halijaitwa. Angeweza kubaki kimya. Lakini wivu alikuwa ameulea wiki nzima, na sasa alikuwa amechekwa mbele ya adui yake. Alipoitwa alisimama.

"Naitwa Wendell Gorski. Ninaendesha rola miaka ishirini na sita." Aliivuta maiki karibu. "Naujua mguu wa mke wangu. Gari lile nimeliendesha mimi mwenyewe, njia ile ile, nikapata hamsini na mbili. Mimi. Hakuna wa barabarani anayenipita mimi, na Darlene ndiye wa mwisho. Namba aliyowasomea si yake. Gari liliendeshwa na mtu mwingine."

Mwanamke wa mashine alichapa. Vidole vyake vilisikika ukumbi mzima.

Mwenyekiti aliegemea maiki. "Bwana Gorski, unajua unachosema? Nani aliendesha?"

"Muulize huyo aliyekaa kushoto kwako. Huyo ndiye mguu pekee uliowahi kunishinda."

Tessier hakukasirika. Alivuta kiti nyuma, akaegemea meza kwa mikono miwili na kusimama. Fimbo ilikuwa imelazwa kando yake. Mguu wa kulia uliburuzika kama si wake.

"Nilipata kiharusi mwaka juzi, Wendell," alisema taratibu. "Sijaendesha gari tangu wakati huo. Darlene alikuja hospitalini na maua. Kwenye kadi aliandika majina yenu wote wawili. Nilidhani unajua."

Wendell aliitazama fimbo ile. Taa ilikuwa bado ya kijani, dakika zake zilikuwa nyingi, na hakuna aliyemwondolea hata moja. Alisimama pale hadi mwenyekiti akamwambia anaweza kukaa.

Mwanasheria wa kampuni aliomba kusema. Alisema kwa kuwa ushahidi umetiliwa shaka, tena na mtu wa maabara yao wenyewe, kampuni inaondoa namba za Bi Gorski na ombi lililoshikamana nazo. Alisema kwa haraka, bila kumtazama Darlene. Kazi ya Darlene ya mwaka mzima ilizimwa kwa sentensi moja.

Nje, Mzee Bruno alikuwa amekwisha ondoka na pikapu yake. Hata Bruno, mwenye ulimi ule, hakutaka kuonekana naye. Darlene alikuwa kwenye maegesho ameushika mlango wa gari dogo.

"Panda," alisema.

Wendell alizunguka upande wa dereva kwa mazoea, akamkuta amekwisha kaa. Akarudi upande wa pili. Alikaa juu ya chembe za sukari.

"Hizo ni za Paulette," Darlene alisema, akiliondoa gari. Paulette ni dada yake. "Jumamosi moja tulikwenda kununua juisi ya tufaha. Nilitaka mtu wa kunishuhudia tu, asinifundishe. Alikula donati sita."

Gari lilipita mitaa ya katikati, likaingia barabara kuu ya Michigan, na Wendell, kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na miwili, akaendeshwa na mkewe. Alitazama mguu ule mdogo katika kiatu cha kanisani. Ulikuwa ukishuka na kupanda bila haraka. Uliachia kabla ya vilima kwisha, ulijua taa kabla hazijabadilika, uliacha gari lijiendee pale linapotaka kwenda. Majani matano yalikuwa yamesimama kwenye tawi na hakuna hata moja lililotikisika. Mguu huu ndio alioukasirikia siku zote hizi. Aliupenda. Hakuwahi kuona mguu mzuri kama ule, ukiondoa wake, na pengine hata bila kuuondoa wake.

Alitaka kumwambia. Alijua kabisa neno analotaka, ni dogo, hata mtoto analisema. Mbele taa ikageuka nyekundu, Darlene akaachia mafuta, gari likaanza kupunguza, na Wendell akafungua mdomo.

"Hapo," alisema, "ungeachia mapema kidogo."

Alilisikia mwenyewe likitoka. Angeweza angelidaka kwa mkono.

Darlene alisimamisha gari kwenye taa. Akatikisa kichwa, akacheka pumzi moja, si kwa furaha. Taa ilipogeuka kijani akakanyaga pedali hadi sakafuni. Injini ikaamka ikinguruma, Wendell akabanwa kwenye kiti, na kwenye kioo jani la kwanza likaanguka, kisha la pili, yakafuatana hadi tawi likabaki kavu. Alikanyaga hivyo hadi nyumbani.

Alisimama mbele ya nyumba, si nyuma ya gereji. Hakuzima.

"Shuka, Wendell. Nakwenda kwa Paulette."

"Mpaka lini?"

"Gari nitalirudisha kazini kesho. La mpaka lini sijui."

"Dar, mimi nitaandika barua. Nitawaambia nilikosea, namba ni yako."

"Waambie. Watakuuliza ulijuaje, na utawaambia ulinitazama nikiendesha mara moja." Alishika usukani kwa mikono miwili. "Nilitaka uwe pale ukumbini, unajua? Niliwaza utasimama unipigie makofi."

Alishuka. Pazia la Mzee Bruno lilisogea, likatulia. Wendell alisimama kwenye majani aliyokuwa hajayamaliza kukusanya, akasubiri ule mngurumo, kwa sababu alijua mke wake akiwa na hasira anavyoondoka. Haukuja. Gari liliondoka kwa betri tupu, polepole, likakata kona bila sauti hata kidogo. Kufanya vile na gari lile, bila kuiamsha injini, kunahitaji mguu mwepesi mno, na mtaa mzima ni yeye peke yake aliyeweza kujua mwepesi kiasi gani.